Injini ya Pikapu Ikigonga

Mkulima mwenye pikapu anajua kuwa gari lile si la anasa. Ndilo linalopeleka maziwa kabla hayajachacha, viazi kabla mnunuzi hajaondoka sokoni, mbolea shambani mvua inapokaribia, na mgonjwa hospitali usiku wa manane. Mara nyingi limenunuliwa kwa fedha za maziwa za miaka mingi, au kwa mkopo ambao bado unalipwa. Kwa hiyo injini inapoanza kugonga, yafaa mwenye gari ajue jambo gani linatukia ndani yake.

Wakulima hufika ofisini kwetu kuuliza habari za mbegu na dawa ya kupe, na mara kwa mara mmoja wao huuliza habari za gari. Huyu ameambiwa kuwa ni lazima injini yote ifunguliwe, kumbe ni tapeti tu. Yule ameambiwa, "Endesha tu, ndiyo kawaida ya dizeli," na baada ya wiki moja mkono wa pistoni umetoboa ubavu wa injini na oili yote imemwagika barabarani. Mimi ni karani, na zamani nilisomea ualimu. Sijaajiriwa kutengeneza magari. Lakini neno ninalotaka kulieleza linahitaji masikio na subira kuliko ufundi. Nalo ni hili: iko milio inayokuruhusu kufika nyumbani, na uko mlio mmoja unaokuamuru kuzima injini papo hapo ulipo.

Taa ya oili

Tuanze na hiyo inayoua. Ndani ya injini kuna chuma kikubwa kilichopindapinda kiitwacho krankshafti. Pistoni hupanda na kushuka, na mikono yake imeshika krankshafti kama miguu ya mtu inavyoshika pedali za baiskeli. Mahali mkono unaposhika chuma hicho pamewekwa beringi mbili za nusu duara, zenye madini laini upande wa ndani. Kati ya beringi na chuma kuna nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na nafasi hiyo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Injini ikiwa nzima, chuma hakigusi beringi hata kidogo. Huelea juu ya oili. Oili ikikosekana, au ikiwa nyepesi kama maji, au pampu ikichoka, vyuma hugusana, madini laini huyeyuka na kufutika, nafasi hupanuka, na mkono huanza kupigapiga. Huo ndio mlio wa nyundo. Ni mzito, unatoka chini, kama mtu agongaye meza kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Ukikanyaga mafuta unakwenda mbio zaidi, na ukiachia ghafula mara nyingi husikika kwa nguvu kuliko hapo kwanza.

Katika dashibodi kuna taa nyekundu yenye picha ya birika la oili. Kila asubuhi ukifungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa hiyo lazima iwake. Na ukishawasha injini, lazima izimike baada ya sekunde chache. Kama haiwaki kabisa usifurahi. Pengine glopu imekufa au waya umetoka, na gari lako halina tena mlinzi. Yako magari, hasa ya mitumba, ambayo taa hii ilikatwa waya kusudi mnunuzi asiione.

Ikiwaka ukiwa safarini, kanyaga klachi, ingia kando ya barabara, na uzime injini mara gari linaposimama. Ikiwa nyundo imekwisha kuanza kulia, zima hata kabla ya kusimama, mradi barabara ni tambarare na hakuna gari karibu; lakini kumbuka kwamba injini ikizimwa usukani na breki huwa vizito, na usigeuze ufunguo hadi mwisho ukaufunga usukani. Usiseme soko liko karibu. Namjua mkulima aliyeiona taa hiyo akiwa na viazi nyuma na kilomita sita zimebaki. Alifika sokoni, akauza viazi, na fedha zote za mzigo ule na za mizigo mingine mingi ziliingia katika krankshafti. Kama angalizima, huenda kazi ingalikuwa lita mbili za oili na kukaza nati ya kumwagia iliyolegea.

Ukishasimama mahali tambarare, ngoja kama dakika kumi oili ishuke. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kitie tena mpaka mwisho, kichomoe, usome. Oili iwe kati ya alama mbili. Kutoka alama ya chini hadi ya juu kwa magari mengi ni kama lita moja. Ikiwa imepungua, ongeza, kisha washa. Taa ikizimika na hakuna mlio mzito, nenda polepole mpaka mahali pa kutafuta oili inakovujia. Taa ikibaki inawaka, au nyundo ikiendelea kugonga, zima. Gari hilo sasa ni la kuvutwa kwa kamba, na gharama ya kuvutwa ni ndogo. Na kama oili imekuwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani; usiwashe tena hata mara moja.

Mlio wa changarawe

Mlio wa pili ndio unaowasumbua wakulima wengi wenye pikapu za petroli, na una mambo mengi kuliko huo wa kwanza. Unapanda kilima, gari lina mzigo, unakanyaga mafuta, na unasikia kama changarawe zinatikiswa ndani ya mkebe. Ukiachia mafuta unakoma. Ukifika tambarare hausikiki. Huu si mlio wa vyuma vilivyolegea. Ni moto wenyewe unaopiga.

Katika silinda petroli na hewa huminywa na pistoni, kisha plagi hutoa cheche. Moto wa haki huanza penye plagi na kusambaa kama moto wa nyasi kavu usukumwao na upepo wa kadiri, upande mmoja hata mwingine, nao huisukuma pistoni chini bila kishindo. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo hutendeka mara 25 kila sekunde katika kila silinda. Lakini ikiwa mchanganyiko ule umepata joto na kuminywa kupita kiasi, sehemu ya mwisho haingojei moto uifikie. Huwaka yenyewe, yote kwa mara moja. Mshindo wake hugonga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, na huo ndio mlio wa changarawe. Ukipita kidogo na kukoma haudhuru sana. Ukiachwa ulie kila siku katika kila kilima, huvunja ringi, huunguza gasketi, na mwisho hutoboa pistoni.

Jambo la kwanza la kutazama ni mguu wako mwenyewe. Dereva akipanda kwa gea kubwa huku injini inazunguka polepole na mafuta yamekanyagwa mpaka chini, ameiomba injini ilie. Shuka gea mapema, kabla gari halijachoka. Kisha tazama mzigo. Pikapu nyingi zimetengenezwa kuchukua kama tani moja, na magunia 20 ya viazi ya kilo 50 ndiyo tani hiyo hiyo. Ukipakia lumbesa, hata wewe mwenyewe hujui umepakia nini.

Jambo la pili ni petroli. Uwezo wa petroli kuvumilia kuminywa bila kujiwakia hupimwa kwa kipimo kiitwacho okteni. Namba ikiwa kubwa, petroli ni vumilivu zaidi. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana. Mtu akichanganya mafuta ya taa katika petroli ili apate faida, injini itagonga hata kama haina ugonjwa wo wote. Uovu huu ulienea hata mwezi wa Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi kuwe hakuna faida katika kuyachanganya. Kwa hiyo kama gari lilianza kulia siku ile ile ulipojaza tangi mahali pageni, shuku petroli kabla ya kumshuku fundi wako. Tia tone moja juu ya karatasi nyeupe safi, mbali na moto na sigara. Petroli safi hukauka upesi bila kuacha doa la mafuta. Yenye mafuta ya taa huacha doa. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinatosha kukuonyesha mahali pa kutokwenda tena. Dawa ni kumaliza tangi hilo polepole bila mzigo, au kuongeza juu yake petroli nzuri. Likiwa limechafuka sana, limwagwe. Na risiti usiitupe.

Wazee watakumbuka kwamba zamani petroli ilitiwa risasi. Thomas Midgley, aliyefanya kazi katika maabara ya General Motors huko Marekani, aligundua mwaka 1921 kuwa madini hayo yakichanganywa katika petroli kwa njia ya kemikali huzuia injini isigonge. Yalizuia kweli, lakini ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Kenya iliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006 pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuacha kuiuzia magari, mwaka 2021. Nayataja haya kwa sababu wako watu wanaosema kuwa gari lao la zamani linagonga kwa kukosa "ile petroli ya zamani," na hivyo hawatafuti sababu. Ziko Peugeot 504 na Datsun nyingi za kale ambazo zimetengwa taiming vizuri na hazigongi hata kidogo.

Na taiming ndiyo jambo la tatu. Kwetu sisi tunaokaa nyanda za juu ina ujanja wake. Skimu za Kinangop ziko zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Kwenye mita 2,500 mgandamizo wa hewa ni kama robo tatu tu ya ule wa Mombasa. Injini yenye kabureta hupata hewa kidogo, hukosa nguvu, na mwenye gari hulalamika. Fundi wa hapo hapo, akitaka kumpendeza, huisogeza distribyuta ili cheche itoke mapema zaidi. Gari linapata nguvu, na kwa kuwa hewa ni nyepesi halilii. Kisha mkulima anateremka Naivasha, karibu mita 1,900, kuchukua mbolea. Huko hewa ni nzito zaidi, silinda hujaa kuliko zilivyozoea, na anapoanza kupanda kurudi nyumbani na mzigo, changarawe zinaanza. Akienda pwani itakuwa vibaya zaidi. Watu husema gari "limechukia joto." Ukweli ni kwamba lilitengwa kwa hewa ya nyumbani tu. Mwambie fundi alitenge kwa namba ya kitabu cha gari, akitumia taa ya taiming, na umweleze mahali pa chini kabisa unapofika na mzigo.

Ukiwa njiani na huna taa hiyo, unaweza kujisaidia kwa gari la zamani lenye distribyuta. Zima injini. Piga alama kwa msumari kwenye distribyuta na kwenye chuma kilichoishika, ili uweze kuirudisha ilipokuwa. Legeza bolti yake, uizungushe kidogo sana, kama unene wa sarafu, kuelekea upande ule ule ambao rota ya ndani huzungukia. Kufanya hivyo huchelewesha cheche. Kaza, jaribu kilima. Mlio ukikoma umepata sababu. Lakini usichelewesha mno, kwa maana cheche inayochelewa sana huunguza vali na kupandisha joto la injini.

Jambo la nne ni joto. Rejeta iliyojaa mbegu za nyasi na matope kwa mbele, mkanda wa feni unaoteleza, themostati iliyokwama, maji yaliyopungua: kila moja hufanya silinda ziwe moto na petroli ijiwakie. Safisha rejeta kwa maji ukianzia upande wa injini kusukuma nje, wala usifungue kifuniko chake ikiwa moto. Masizi juu ya pistoni nayo huleta mlio huu, kwa sababu hupunguza nafasi ya kuminyia na hubaki mekundu kama makaa. Dalili yake katika gari la kabureta ni kwamba ukizima ufunguo injini huendelea kutetemeka na kupiga mara kadhaa. Plagi pia ziwe za namba iliyoandikwa katika kitabu. Plagi isiyo ya injini hiyo huweza kuwa kaa la moto ndani ya silinda.

Pikapu za petroli za miaka ya karibuni zina kifaa kidogo kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho kazi yake ni kusikiliza mlio huu. Kikiusikia, kompyuta huchelewesha cheche. Kwa hiyo gari jipya lenye petroli mbaya pengine halitalia sana. Litakosa nguvu tu na kunywa mafuta zaidi. Taa ya injini ikiwaka, afadhali ulipie kupimwa kwa mashine kabla ya kununua kipuri cho chote.

Mlio wa cherehani, na mingine isiyo na hatari

Tapeti zikilegea hutoa mlio mwepesi, tik-tik-tik, juu kabisa ya injini, kama cherehani. Mwendo wake ni nusu ya mwendo wa nyundo, kwa kuwa vali hufunguka mara moja tu krankshafti inapozunguka mara mbili. Katika injini nyingi za zamani hutengenezwa kwa bisibisi, spana na filageji kwa muda wa asubuhi moja. Usiache miaka ipite, lakini usikose usingizi. Usizikaze kupita kipimo ili kunyamazisha mlio. Vali isiyofunga sawasawa huungua, na tapeti iliyonyamaza kabisa mara nyingi ni mbaya kuliko inayolia kidogo.

Upo mlio wa asubuhi, mzito kidogo lakini mtupu kama ngoma, ambao hupungua injini ikipata joto. Hiyo ni pistoni inayocheza katika silinda iliyolika. Injini ya namna hiyo ni nzee, lakini huweza kufanya kazi muda mrefu ikipewa oili safi. Tazama pia vitu vya nje kabla ya kulaumu vya ndani: bomba la moshi lililopasuka penye manifoldi, mabano ya altaneta, puli iliyolegea, mpira wa kushikia injini uliokatika. Nimewahi kuona injini ikikaribia kufunguliwa kumbe ni kinga ya chini iliyokosa bolti moja.

Dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Hewa huminywa mpaka ikawa moto sana, ndipo nozeli hunyunyiza mafuta, nayo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kugonga kidogo ni tabia yake, na asubuhi ya baridi ya Ol Kalou au Kinangop hugonga zaidi, kwa kuwa mafuta hukawia kidogo kuwaka kisha huwaka kwa kishindo. Joto likipanda mlio hupungua. Usiogope huo. Kama haupungui hata baada ya mwendo wa nusu saa, kama umeongezeka kwa muda wa siku chache, au kama kuna silinda moja inayopiga kuliko nyingine pamoja na moshi mweusi au mweupe, basi nozeli inadondosha mafuta badala ya kunyunyiza, au pampu imetengwa mapema mno. Mafuta ya taa katika dizeli ni maovu kwa namna nyingine: hayalainishi vyuma vya pampu, na pampu hulika.

Mafundi huipata nozeli mbovu katika dizeli za zamani kwa kulegeza nati ya bomba lake injini ikiwa inazunguka polepole. Mlio ukikoma, ndiyo hiyo. Lakini katika dizeli za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta jambo hilo limekatazwa kabisa. Mafuta katika mabomba yake yana nguvu ya mamia ya mara, na hata zaidi ya mara elfu, ya hewa inayotuzunguka. Mchirizi mwembamba hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake huweza kumpotezea mtu mkono. Gari la namna hiyo mpelekee mwenye mashine ya kupimia.

Namna ya kusikiliza

Vua shuka, skafu au sweta inayoning'inia kabla ya kuinama juu ya injini inayozunguka. Chukua kipande cha mpira wa maji kama urefu wa mkono, uweke ncha moja sikioni na nyingine uisogeze karibu na mahali unapotaka kusikiliza, mbali na feni na mikanda. Utashangaa jinsi mlio unavyojitenga: juu penye vali, kati penye silinda, chini penye bakuli la oili. Mtu wa pili akae ndani akanyage mafuta polepole na kuachia, gea ikiwa huru na breki ya mkono imevutwa.

Ikiwa nyundo inatoka chini na ni gari la zamani la petroli, fundi anaweza kuijua silinda yenye ugonjwa. Injini ikiwa imezimwa, achomoe waya wa plagi ya kwanza na kuufunga ncha yake iguse chuma kitupu cha injini, kisha awashe kwa sekunde chache tu na kusikiliza, azime, aurudishe, aende wa pili. Silinda isipopata moto mkono wake hausukumwi kwa nguvu, na mlio wake hupungua sana. Asichomoe waya injini ikizunguka, kwa maana umeme wake ni maelfu mengi ya volti. Magari yenye koili juu ya kila plagi yaachwe kwa mwenye mashine. Mlio usipobadilika kwa silinda yo yote, yumkini ni beringi kubwa zinazoshika krankshafti yenyewe, au ni kitu cha nje.

Kabla ya kukubali kufungua, mwageni oili katika beseni safi mchana wa jua. Ikiwa kuna chembe zinazong'aa kama unga wa fedha au shaba, mmeona beringi yako ikiogelea. Kateni na chujio la oili mlitazame karatasi lake.

Ukitengeneza, tengeneza

Bakuli la oili likishafunguliwa na vifuniko vya mikono kutolewa, krankshafti ipimwe kwa maikromita, si kwa kucha. Ikiwa haina mikwaruzo na ni ya duara sawasawa, beringi mpya za kipimo kile kile zinatosha. Ikiwa imekwaruzika, ipelekwe kusagwa, na beringi za kipimo kipya zinunuliwe baada ya kusagwa, si kabla: mara nyingi huwa milimita 0.25 au 0.50. Namba hiyo iandike katika kitabu chako cha gari, kwa kuwa utaihitaji tena. Vifuniko vikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, na kila kifuniko kirudi katika mkono wake.

Kataa vitu viwili. Kwanza, usikubali kipande cha mkebe au karatasi kuwekwa nyuma ya beringi ili kuibana, wala kifuniko kupigwa tupa. Mlio utanyamaza kwa siku chache, kisha mkono utakatika ukiwa mbali na nyumbani. Pili, usikubali oili nzito ya gea kutiwa katika injini. Hufunika mlio, ndiyo, na ndiyo sababu wauzaji wengine wa magari huipenda. Unapokwenda kununua pikapu iliyotumika, mwambie mwenyewe asiiwashe mpaka ufike. Iguse iwe baridi, kisha usikilize sekunde tano za kwanza, kabla oili haijapanda.

Uliza pia sababu. Beringi haifi bure. Kama oili ilivuja, mvujo uzibwe. Kama pampu imelika, ibadilishwe. Kama chujio lilikuwa limeziba kwa kuwa oili haikubadilishwa, basi weka kibandiko kwenye dashibodi kinachoonyesha kilomita za kubadilisha tena kama kitabu cha gari kisemavyo. Vyuma vya zamani udai upewe mkononi.

Injini ikishafungwa, chujio lijazwe oili kwanza kama limekaa wima. Cheche au mafuta yazuiliwe, na injini izungushwe kwa stata vipindi vifupi vifupi mpaka taa ya oili izimike, ndipo iwashwe. Kwa kilomita 1,000 za kwanza usibebe mzigo mzito wala usipande kilima kwa gea kubwa, na usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ukifika kilomita 500 badilisha oili na chujio, na hilo la kwanza ulikate ulitazame kama ulivyofanya mwanzo.